Makuzi ya binadamu kama somo la pili chuoni: lina faida gani kwa mtoto wa mkulima?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, simu za studio hubadilika. Maswali ya mbolea na bei ya mahindi hupungua, yanaingia maswali ya vyuo. Mzazi mmoja alituuliza hivi: “Binti yangu anakwenda kusomea kilimo, lakini anasema pembeni atachukua na masomo ya makuzi ya binadamu. Hayo nayo ndiyo niuzie ng’ombe?”

Ni swali la haki. Anayelipa ada ana haki ya kujua analipia nini. Tulichambue.

Ni somo gani hasa?

Kuna majina mawili yanayochanganya watu. Maendeleo ya binadamu ni kipimo cha nchi. Shirika la Umoja wa Mataifa la UNDP lilianza kutoa ripoti zake mwaka 1990, kazi iliyoongozwa na mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq. Hoja yake ni kwamba nchi isipimwe kwa fedha peke yake, bali pia kwa miaka ambayo watu wake wanaishi na elimu waliyo nayo.

Makuzi ya binadamu ni jambo jingine. Hapa mwanafunzi anajifunza jinsi mtu anavyobadilika tangu tumboni mwa mama hadi uzeeni: mwili, akili, lugha, hisia na namna anavyoishi na wenzake. Binti wa msikilizaji wetu anazungumzia hili la pili.

Katika vyuo vya Marekani, mwanafunzi huwa na fani kuu, na mara nyingi anaweza kuongeza fani ndogo ya pili inayoandikwa kwenye matokeo yake. Hapa Tanzania shahada nyingi hazikupangwa hivyo. Mwanafunzi ana kozi za lazima, kisha anachagua chache za hiari, na hapo ndipo masomo kama haya huingia. Wanaosomea ualimu hukutana nayo ndani ya saikolojia ya elimu.

Kilimo na mtoto vinakutana wapi?

Tuutazame mkoa wa Iringa. Ni mkoa wa mahindi, viazi, maharage na mboga, na chakula chake kinalisha hadi mikoa mingine. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kwa Tanzania nzima ilikuwa asilimia 30.

Inakuwaje ghala limejaa na mtoto amedumaa? Sababu ni nyingi, na si zote ziko shambani. Mtoto hujengwa zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba inapotungwa hadi afikishe miaka 2. Msimu wa palizi mama anatoka alfajiri, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka 8, uji wa mahindi matupu unapikwa mara moja na kunywewa umepoa. Akiugua kuhara kwa maji machafu, hata kile kidogo alichokula hakimjengi.

Sasa mwaze afisa ugani anayefika kwenye kaya hiyo. Akiwa anajua mbegu na mbolea tu, atamshauri mama aongeze ekari. Ushauri ni mzuri kwa mahindi, lakini unaweza kumwongezea mama saa za shambani na kumpunguzia mtoto saa za kulishwa. Afisa huyohuyo akiwa amesoma makuzi ya binadamu, atauliza swali moja zaidi: mkiwa shambani, mtoto anakula nini na nani anamlisha? Swali hilo halihitaji bajeti mpya, linahitaji mtu anayejua kwamba lipo.

Serikali yenyewe imelikubali hilo. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8. Ina maeneo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hakuna afisa mmoja anayeyabeba yote matano. Kwa hiyo kila mmoja anapaswa kujua kidogo kazi ya mwenzake.

Na makuzi hayaishii utotoni. Zanzibar inalipa pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea tangu mwaka 2016. Mipango ya namna hiyo nayo inahitaji watumishi wanaoelewa uzee.

Upande wa pili

Tusidanganyane. Kozi chache za hiari hazibadilishi jina la shahada. Tangazo la ajira likitaka afisa ustawi wa jamii, wataangalia shahada uliyosomea, si kozi ulizochukua pembeni. Anayetaka kuwa afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii asomee fani hiyo moja kwa moja.

Somo hili kama la pili lina nguvu likiegemea fani inayokutana na watu: kilimo, ualimu, uuguzi, maji, sheria. Peke yake, bila fani ya kuegemea, kozi mbili tatu hazitoshi kumpa kijana kazi.

Kabla hujauza ng’ombe

Mzazi, kaa na mwanao mmuulize chuo mambo matatu. Je, kozi hizo zinahesabika katika kuhitimu, au ni mzigo wa ziada? Je, zitaongeza muda wa masomo au ada? Je, kuna mafunzo kwa vitendo kijijini au zahanati, au ni darasani tu?

Majibu yakiwa mazuri, binti yule hapotezi fedha ya baba yake. Atarudi anajua mahindi, na anamjua pia mtoto anayeyala.

Wewe unaonaje? Afisa ugani wa kijijini kwenu amewahi kuuliza habari za watoto? Tutumie ujumbe, tutausoma hewani.