Usinizimie Programu Ndio Nibadilishe Rangi

Wasee, leo tuongee themu. Sio za simu, za programu za kompyuta.

Kuna mama mmoja hapa Sori nilimtengenezea programu ndogo ya kurekodi omena anazonunua ufuoni. Boti zinarudi alfajiri, bado giza, na skrini nyeupe ilikuwa inamchoma macho. Nikamwekea themu nyeusi, nikajiona fundi. Saa nne asubuhi jua la ziwa limeshika, simu inalia: "Kijana wangu, hii kioo inanionyesha uso wangu tu!" Nikamwambia abadilishe themu, afunge programu, aifungue tena. Akafunga. Hesabu za beseni ambazo hakuwa amesevu zikaenda, na wavuvi wamesimama hapo wanangoja pesa yao.

Kosa langu, sio lake. Na ndio maana nasema: programu inayokulazimisha uizime ndio ibadilishe rangi haijamaliza kazi yake.

Hii sio teknolojia mpya. Winamp ilikuwa inabadilisha sura tangu miaka ya 1990, na ngoma haikatiki. Faili yake ya sura ilikuwa tu zip yenye picha ndani. Mimi natumia Qt, na siri ni moja: rangi zikae kwenye faili yao, nje ya msimbo. Programu inasoma faili, inaita setStyleSheet, madirisha yanajichora upya, na ulichokuwa unaandika kinabaki pale pale. Lakini ukiacha rangi hata moja ndani ya msimbo, itakuumbua: maandishi meusi juu ya weusi.

Sasa kuna wale watasema themu ni balaa. Wako na pointi. Mwaka 2019 watengenezaji wa programu za GNOME waliandika barua ya wazi wakiomba mifumo ya Linux iache kuwabandikia themu, kwa sababu programu zao zinaharibika na lawama zinawarudia wao. Na Machi 2024, msee aliweka themu ya KDE Plasma iliyotoka kwa mtu mwingine, ikafuta mafaili yake. Themu! Kumbe aina ile iliruhusiwa kuendesha amri kwenye mashine.

Lakini hizo kesi hazisemi tusibadilishe themu programu ikiwa inakimbia. Zinasema themu iwe rangi na picha tu, isiwe amri. Na faili ikiwa mbovu, programu irudi kwa themu ya kwanza bila kuanguka.

Mimi nimechagua njia ya kati: themu mbili nilizojaribu mwenyewe, moja ya giza, moja ya jua, na kitufe kimoja. Siku hizi mama anakibonyeza jua likichomoza, mizani ikiendelea, wala hanipigii simu.

Wewe unayeandika programu, kabla ujisifu na dark mode yako, ishawahi kutumika nje, saa sita mchana?