Usingizi Angani na Wakimbiaji wa Mbulu na Hanang

Yeyote aliyepata kupanda basi la alfajiri kutoka Haydom kwenda Arusha anaifahamu adha hii. Abiria husinzia, shingo ikalegea, kichwa kikaangukia kifuani au begani kwa jirani. Hugutuka, akaomba radhi, kisha akaanza upya. Safari hiyo huisha kwa saa chache, na aliyechoka hujinyoosha kitandani jioni ileile. Lakini kijana wa Mbulu au Hanang anayekwenda kukimbia marathoni huko Asia au Amerika hukaa katika hali hiyo usiku kucha, pengine na usiku wa pili pia, kisha hutazamiwa kushindana na watu waliolala vitandani mwao. Akishindwa, husemwa kwamba hakufanya mazoezi ya kutosha, au kwamba alikwenda kutembea tu. Makala haya yanashikilia kwamba lawama hiyo mara nyingi huwekwa mahali pasipo pake, na kwamba wa kulaumiwa ni yule aliyepanga safari.

Jambo hili si geni katika wilaya hizi. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu wakati Karatu ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Gidamis Shahanga wa Katesh, Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada, mwaka 1978. Msomaji akitazama saa za miji hiyo mitatu ataona jambo la ajabu kidogo: kila mmoja ulipishana na Tanzania kwa saa tisa. Mexico na Edmonton zilikuwa nyuma kwa saa tisa, Christchurch ilikuwa mbele kwa saa tisa.

Kwa nini basi mtu asilale ndani ya ndege, hali amechoka, taa zimezimwa na blanketi amepewa? Watu wengi hutaja kwanza hewa nyembamba. Ni kweli kwamba ndege kubwa inaporuka mita 10,000 au zaidi juu ya bahari, hewa ya ndani hushindiliwa ili ilingane na ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mtu wa Tanga au Unguja huweza kuihisi tofauti hiyo. Lakini nyanda za juu za Mbulu zenyewe zipo katika kimo cha namna hiyohiyo, na mtoto wa Kiiraqw amelala katika hewa ya aina hiyo tangu siku ya kuzaliwa. Kwake yeye sababu hii haina uzito mkubwa. Ukavu wa hewa ni jambo jingine. Unyevu ndani ya ndege huwa chini ya asilimia 20, na hivyo koo hukauka na mtu huamka mara kwa mara kutafuta maji.

Sababu iliyo kubwa zaidi ni kiti. Usingizi wa binadamu hupita katika hatua mbalimbali, na katika hatua ile yenye ndoto nyingi misuli mikubwa ya mwili hulegea kabisa, hata shingo hushindwa kukishika kichwa. Aliyelala chali hana hasara kwa jambo hilo. Aliyeketi wima huangusha kichwa na kuamshwa na uzito wake mwenyewe, kwa hiyo hunyang'anywa sehemu ile hasa ya usingizi ambayo mwili ulikuwa ukiingia. Majaribio yaliyofanywa Uingereza katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba kadiri mgongo wa kiti unavyosimama wima, ndivyo usingizi unavyopungua na kukatikakatika. Viti vya bei nafuu hulazwa kidogo tu. Viti vinavyogeuka kitanda vipo mbele, nyuma ya pazia, na mkimbiaji kijana hupita kando yake akielekea mkiani mwa ndege.

Ipo sababu ya tatu, nayo imepata mwanga kutokana na utafiti uliofanyika jirani kabisa. Wahadzabe wanaishi kando ya ziwa Eyasi, na baadhi yao katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wahadzabe 33, watu wazima wenye afya, kwa siku 20. Kila mmoja alivaa mkononi kifaa kidogo mfano wa saa chenye kuandika mijongeo ya mwili. Katika muda huo wote, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Hazikuwa dakika 18 za kila usiku. Zilikuwa 18 kwa jumla ya siku zote 20. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, mwingine aliamka kuchochea moto au kumnyonyesha mtoto, na hivyo kambi haikukosa mtu aliye macho ingawa hapakuwa na mlinzi aliyewekwa.

Wataalamu hao wanaona hapo mabaki ya kinga ya kale sana: kundi linalolala porini, palipo na simba na fisi, husalimika zaidi ikiwa usingizi wa watu haulingani. Jambo linalokaribiana na hilo lilionekana Marekani mwaka 2016. Mtu anapolala mahali pageni kwa usiku wa kwanza, upande wa kushoto wa ubongo hulala kwa wepesi zaidi na husikia sauti ndogo kwa haraka kuliko upande wa kulia. Sasa mweke mtu wa namna hiyo katikati ya watu mia tatu asiowajua, katika chumba kinachonguruma na kutikisika, huku wahudumu wakipita na vigari vyao. Ubongo wake unakesha kwa sababu ndiyo kazi uliyorithi. Kumwambia ajikaze alale ni sawa na kumwambia ajikaze asione njaa.

Kisha ipo saa ya mwili. Chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, pana viini viwili vidogo vinavyotawala majira ya usingizi, joto la mwili na homoni iitwayo melatonini, ambayo huongezeka giza linapoingia. Saa hiyo, ikiachwa peke yake, huzunguka kwa dakika chache zaidi ya saa 24, na mwanga wa jua ndio unaoirekebisha kila siku. (Waswahili wanaoanza kuhesabu saa tangu macheo hawakukosea sana katika elimu ya viumbe.) Ndege humvusha mtu nchi nyingi kwa siku moja, lakini saa yake ya ndani hubaki Mbulu. Kwa wastani hujirekebisha kwa kiasi cha saa moja kwa siku anapokwenda mashariki, na kama saa moja na nusu anapokwenda magharibi. Kwa tofauti ya saa tisa, basi, anahitaji karibu siku tisa upande mmoja na kama siku sita upande mwingine.

Huenda mwenye kupinga akauliza: Bayi naye je? Hakuruka kwenda mashariki kwa saa tisa na bado akaivunja rekodi? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika ratiba. Michezo ya Christchurch ilianza tarehe 24 Januari, na fainali ya mita 1,500 ilikuwa siku ya mwisho. Bayi alikuwa amekwisha kushindana hukohuko katika mita 800, akawa wa nne. Mwili wake ulipata siku za kuizoea nchi. Wala si haki kueleza kila jambo kwa usingizi. Akhwari alianguka njiani akaumia, na hata hivyo akafika wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Timu za taifa zinazokwenda kwenye michezo mikubwa hukaa kambini na kushindana kwa siku kadhaa. Mashindano ya barabarani ya siku hizi hayana nafasi hiyo. Mkimbiaji huitwa na wakala, tiketi hutafutwa iliyo rahisi kuliko zote, na iliyo rahisi mara nyingi ndiyo yenye kungoja kirefu kiwanjani Addis Ababa au Doha. Hufika siku mbili kabla ya mbio, hukimbia, na hurudishwa kesho yake. Fedha inayookolewa ni ya vyumba vya hoteli vya siku nne au tano. Fedha inayopotea ni zawadi ambayo ingejenga nyumba na kulipa karo Dongobesh au Bassotu, lakini hasara hiyo haiandikwi katika hesabu za yeyote isipokuwa za kijana mwenyewe. Wapangaji wa safari hizi wanapaswa kuweka siku za kutosha ndani ya mkataba, na mkimbiaji naye aidai sehemu hiyo kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.

Wako wanaopendekeza vidonge vya usingizi. Ushauri huo ni wa hatari. Mtu aliyelewa dawa hukaa bila kujinyoosha kwa saa nyingi, na damu iliyotulia miguuni huweza kuganda. Tena mwanariadha anayemeza dawa bila idhini ya daktari wa michezo huenda akajikuta matatani siku ya vipimo. Lililo bora ni kuanza nyumbani: kusogeza saa ya kulala kidogo kidogo kwa siku chache, kuuelekea wakati wa kule aendako, na kuihesabu ndege kuwa mahali pa kupumzika, si pa kulala. Akipata saa mbili, ni vyema. Asipopata, asihangaike, kwa maana wasiwasi wenyewe hufukuza lepe lililobaki.

Walimu wa sekondari wana la kufanya hapa, kwa kuwa wengi wa vijana hawa huanza kukimbia wakiwa shuleni. Longitudo hufundishwa katika jiografia, homoni katika biolojia, na ni nadra mambo hayo mawili kukutanishwa. Mwanafunzi wa Mbulu anaweza kupewa longitudo 35 Mashariki na longitudo 99 Magharibi ya jiji la Mexico, ajumlishe, agawe kwa 15, na aone kwamba jibu linakaribia saa tisa. Kisha apewe mbio za Tokyo za tarehe 15 Septemba 2025, ambazo Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa jirani wa Singida, alishinda kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akiwa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Zilianza saa moja na nusu asubuhi kwa saa za huko. Mwanafunzi atafute ilikuwa saa ngapi Mbulu, na kama mwili usio na maandalizi ungekuwa umelala wakati huo au la.