Mistari mitano kwa siku

Sisi hapa Kigali, wengine tumetoka Kiziba, wengine Mahama, tumezoea kuulizwa: ulikimbia lini? Mlipita wapi? Mara nyingi tunajibu kwa kubahatisha, halafu mwingine ndiye anaandika. Historia yetu iko kwenye mafaili ya watu. Kwetu hakuna hata karatasi.

Ndiyo maana tulianza jambo dogo. Kila jioni, tukishakula, kila mtu anaandika mistari mitano kwenye daftari lake. Ukiandika, unaweka alama kwenye kalenda. Usipoandika, unaacha wazi. Hakuna faini, hakuna kuchekana.

Mwezi wa kwanza kalenda zetu zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Lakini mapengo yalitufundisha kitu: tulikuwa tunaruka siku za kujitolea, maana tunarudi tumechoka. Basi siku hizo tunaandika asubuhi, kabla ya kushika simu.

Usituambie huna kipaji. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alianza kuandika akiwa na miaka 21, mkimbizi huko Uingereza. Nobel ilimkuta mwaka 2021, mzee wa miaka 72.

Nanyi ndugu zetu wa mashirika: semina ni nzuri, ila leteni na madaftari. Tena msiombe kuyasoma. Tukiwa tayari, tutawasomea wenyewe.

Vijana, leo usiku: mistari mitano, alama moja. Kesho vilevile.