Mvuke hauna Kiingereza

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya Temeke, mzazi mwenzetu alisimama akataka tuwakataze watoto katuni za Kiswahili. "Sayansi ni Kiingereza," alisema. "Hizo katuni ni kupoteza muda." Wengi wakapiga makofi. Nimerudi Mbagala na hasira, na mpaka leo haijaniisha.

Imani hiyo ni uongo, na wanaoulipia ni watoto wetu.

Ubongo Kids imezaliwa hapa hapa Dar es Salaam. Ilianza kurushwa TBC1 Januari 2014, kwa Kiswahili, ikifundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo. Kiingereza kilifuata baadaye. Ndugu yake, Akili and Me, ilifanyiwa utafiti Morogoro, matokeo yakachapishwa 2018: watoto walioiangalia waliwapita wenzao kwa kuhesabu na kutambua namba. Huko ndiko kupoteza muda?

Mpwa wangu wa darasa la tatu hakosi katuni hizo. Juzi usiku alifunua sufuria ya wali jikoni, akanionyesha matone chini ya mfuniko. "Mjomba, maji yamepanda yakiwa mvuke, yamekuta mfuniko umepoa kidogo, yamerudi kuwa maji. Na mvua ndiyo hivyo hivyo." Dada yake wa kidato cha pili akadakia, akatiririsha fasili ya jambo hilo kwa Kiingereza bila kukosea neno. Nikamwuliza maana yake. Akainamisha kichwa. Ana akili timamu yule binti, amekaririshwa tu. Sasa kati ya hao wawili, nani anaijua sayansi?

Wapinzani wangu wana wimbo mmoja: Kiswahili hakina msamiati. Usanisinuru ni neno la wapi? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Asiyewahi kuifungua anyamaze. Watu hao hao kila usiku wanafuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, fitina za ikulu hawaachi hata moja. Kiswahili kimetosha kwa masultani, kimeshindwa na mvuke wa sufuria!

Tena ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1982 Tume ya Makwetta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili ifikapo 1985. Serikali ikakataa. Matunda yake ndiyo haya: mzazi anakopa vikoba alipe ada ya shule ya Kiingereza, mtoto anapanda basi alfajiri na usingizi machoni, jioni anarudi na maneno asiyoweza kuyaeleza.

Mzazi mwenzangu, usiizime hiyo katuni. Kaa naye kwenye mkeka, kipindi kikiisha mwambie akueleze alichokiona, kwa lugha ile ile anayokuombea nayo maji ya kunywa. Akikueleza ukaelewa, amejifunza sayansi.