Jina la Mahali ni Amana

Juma lililopita tulialikwa Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, na mwenyeji wetu akatukirimu kwa mursik. Kibuyu chake husuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet, kisha hutiwa maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kikafungwa na kuachwa siku kadhaa. Haya ndiyo maziwa wanayolakiwa nayo wanariadha warudipo na medali. Mama yule alikuwa na dukuduku: mjini, alisema, huuzwa maziwa ya mgando yaliyochanganywa na majivu tu, na chupa ikaandikwa jina lile lile.

Tukamkumbuka Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini. Nafaka ilikuwa nafaka. Kosa lilikuwa kuficha hali yake. Nasi twaona kwamba kukiuza kitu kwa jina la mahali kisikotoka ni kuingia mlango huo huo.

Sisi wa pwani yametufika. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Kikoi, vazi la babu zetu! Wakenya walipinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza, na ombi halikufika mbali. Lau wangalinyamaza, mfumaji wetu angalihitaji ruhusa ya mgeni kuuza kikoi London kwa jina lake.

Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 hutambua bidhaa ambayo sifa yake yatokana na mahali ilikotoka, kama Champagne ya Ufaransa (kinywaji hicho hakituhusu, ila ulinzi wake watufunza). Hapa Kenya, Sheria ya Alama za Biashara huruhusu chama kusajili alama ya pamoja kwa KIPI, na wasusi wa vikapu vya Taita wamekwisha kuipita njia hiyo. Wasusi wetu wa mikeka na washonaji wa kofia wanangoja nini?

Lakini chama hakina budi kuandika kanuni, nani atumie jina na kwa sharti gani. Mwanachama mmoja akidanganya, jina la wote limechafuka. Tulimuuliza mwenyeji wetu nani angeandika kanuni ya kibuyu. Akacheka, akasema wao kwa wao hawajaafikiana hata maziwa yakae siku ngapi.