Pima kwanza, ndipo ununue spea

Katika kazi yangu ya kuandika programu kuna sheria moja: usirekebishe kitu kabla hujajua kilichoharibika. Natamani sheria hiyo ibandikwe ukutani katika kila gereji kutoka Kericho hadi Bomet. Kioo cha mlango hakishuki? Leta swichi. Bado? Leta mota. Huko ni kubahatisha kwa pesa za mteja.

Huku kwenye mashamba ya chai mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na Probox zinazobeba abiria kupitia Litein hadi Kaplong hufunguliwa milango kutwa nzima. Kila mlango ukifunguliwa, waya zinazoingia mlangoni hujikunja ndani ya ule mpira ulio karibu na bawaba. Siku moja shaba hukatika ndani kwa ndani, plastiki ya nje ikiwa nzima. Matope nayo huziba vitundu vya kutolea maji chini ya mlango, maji yanatuama, soketi zinashika kutu ya kijani.

Basi, kabla ya kutoa hata shilingi, jaribu hivi.

Kwanza, angalia kile kitufe cha dereva cha kufungia vioo vya abiria. Huenda kimebonyezwa tu!

Pili, kioo cha abiria kikigoma kwa swichi ya dereva lakini kikashuka kwa swichi ya mlango wake, mota ni nzima. Usiinunue.

Tatu, shikilia swichi huku mwenzako akifungua na kufunga mlango polepole. Kioo kikishtuka, tafuta waya uliokatika ndani ya ule mpira.

Nne, pima volti kwenye soketi ya mota, mota ikiwa imeunganishwa na swichi imebonyezwa. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba huonyesha volti 12 safi usipokuwa na kazi. Ukipewa mzigo, volti zinaanguka. Ni kama programu inayokwenda vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi wake, halafu watu mia wakiingia inalala.

Najua fundi atasema mteja ana haraka. Ni kweli, lakini kupima ni kazi ya dakika chache, na spea ya umeme ikishafungwa ni vigumu kuirudisha dukani.

Kuna hatari kubwa zaidi. Fyuzi ya ampea 20 ikiungua kila mara, wengine huweka ya 30, au kipande cha waya. Fyuzi inakupa habari: mota imekwama, au waya fulani umegusa bodi. Ukiinyamazisha, kitakachoungua ni waya wenyewe, ndani ya gari lililojaa watu, pengine na loki za milango zimegoma.

Kwa hiyo, mwenye gari, usianze kwa kuuliza spea ni pesa ngapi. Muulize fundi amepima wapi, na amepata volti ngapi. Asipokuwa na jibu, bado hajaujua ugonjwa.