Damu Inayokufa Kabla ya Siku Zake

Mwezi huu tumemkumbuka mama mmoja aliyemleta mwanawe wodini kwetu mara ya nne ndani ya mwaka. Mkononi alishika chupa ya dawa ya kuongeza damu, imebaki robo. Mtoto alikuwa mweupe viganjani, macho yana umanjano. "Nesi," alisema, "matembele anakula, maini anakula, rozela anakunywa. Mama mkwe anasema simlishi."

Alikuwa akimlisha vizuri kabisa. Tatizo halikuwa jikoni.

Chembe nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na kwa kawaida kila moja huishi siku 120 hivi. Mtoto yule alikuwa na selimundu. Chembe zake hujikunja kama mundu, hukakamaa, na huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu. Uboho hutengeneza nyingine usiku na mchana, lakini ni kama kujaza pipa lililotoboka. Umanjano wa macho hutokana na mabaki ya chembe hizo.

Kwa hiyo chupa ile haikuwa jibu. Madini ya chuma ya chembe zilizokufa hubaki mwilini yakatumika tena, na mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kuwa nayo kupita kiasi. Tusimpe bila kipimo. Anachohitaji kila siku ni kidonge cha foliki, kwa kuwa uboho wake unaitumia sana. Tena chandarua, dawa ya kukinga malaria, chanjo zote, na penisilini walau hadi miaka 5. Ipo pia haidroksiyurea. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa inapunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Mwulize daktari.

Jambo moja halingoji kliniki. Bandama huweza kunasa damu nyingi kwa ghafla. Mtoto hupauka ndani ya saa chache, hulegea, na tumbo huvimba chini ya mbavu za kushoto. Mpeleke hospitali usiku huohuo, hata kama nauli ni ya kukopa.

Na lawama? Selimundu hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili, ingawa wenyewe huwa wazima. Kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. (Akina baba kuja kupimwa, hilo nalo lina kazi yake!)

Kliniki iliyofuata, bibi alikuja mwenyewe. Tulimshika mkono tukauweka chini ya mbavu za mjukuu, tukamwonyesha bandama ilipo na jinsi ya kuipapasa kila wiki. Akauliza kama anaweza kurudia tena, ili asisahau.